Uso wa Kuazima

Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu kwa miaka mingi nimejitetea kichwani mwangu, na utetezi wenyewe hauna miguu. Baba alichonga, diwani akahutubia, kwaya ikaimba, lakini aliyesema "tumkalishe ndugu yake" ni mimi. Wahusika wenyewe wamekwenda mbele ya haki, na nimengoja mpaka wa mwisho wao akazikwa.

Ilikuwa mwaka uliofuata uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa nimepunguzwa kazi. Ndivyo tulivyosema wakati ule, kupunguzwa, utadhani mtu ni sukari kwenye chai. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali, nikapewa barua siku ya Ijumaa, na Jumatatu nikawa nimerudi na sanduku langu kwa baba, kwenye chumba kimoja cha kanseli ya jiji kati ya Pumwani na Soko la Burma. Tulitia pazia katikati, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa jiko. Mama alikuwa kwetu Ukambani akilinda shamba ambalo mvua ililisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na hasira ya kuwatosha watu wanne.

Baba alikuwa mchonga vinyago. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya mtaa, karibu na mto, na alikaa humo na Wakamba wenzake watatu wakichongea maduka ya mjini yanayouzia watalii. Kwetu kijana hafundishwi kuchonga watu. Hufundishwa kuchonga mtu mmoja. Mjomba wake baba alimfundisha morani mwenye shingo ndefu, na baba alikuwa amemchonga morani huyo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, mpaka angeweza kumtoa kwenye gogo huku akibishana habari za siasa. Uso wa mtu aliyewahi kuishi, mtu wa kupiga chafya na kukopa kiberiti, hakuwa ameuchonga hata siku moja.

Mbele ya ukumbi wa mtaa alisimama Mzungu wa simiti. Alikuwa ofisa fulani aliyesimamia lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, enzi za ukoloni, kofia kichwani, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mjini, kana kwamba anatuambia kazi iko kule, nendeni. Jina lake hakuna aliyelijua, maana kibao chake cha shaba kiling'olewa zamani na wauza vyuma. Wauza mitumba walifunga kamba kwenye ule mkono wakatundika sweta za watoto. Mimi sikumchukia wala sikumpenda. Nilimpita kila asubuhi jinsi mtu anavyoupita mlingoti wa stima.

Diwani wetu mpya ndiye aliyemwona. Alikuwa kijana wa upinzani, mwenye koti lililomzidi mabega na sauti iliyolizidi koti, na wakati wa kampeni aliapa kwamba mkoloni atashuka na mtu wetu atapanda. Mtu wetu alikuwapo. Katika Hali ya Hatari, fundi mmoja wa karakana ya reli aliyeishi mtaani humu alichukuliwa kwenye msako, akapelekwa kizuizini, asirudi tena. Wazee walisema alikuwa akiwabebea risasi watu wa msituni ndani ya mkate. Wengine walisema ni dawa. Kaburi hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni mjane, na mjane huyo alikuwa angali mtaani, pale kwenye kona, akiuza makaa kwa mkebe. Sote tulimwita Shosho, yaani bibi, hata watu wazima ambao hawakujua neno jingine la Kikikuyu.

Kibali cha bwana DO, mkuu wa tarafa, kilichukua miezi. Kubomoa kulichukua nusu saa. Vijana walipanda na nyundo, mkono ukaanguka kwanza na sweta zake, watu wakapiga vigelegele, na kabla ya saa nne nondo zote zilikuwa zimekwishauzwa. Nilikuwa nimesimama karibu na makaa ya Shosho. Yeye hakupiga kigelegele. Alinivuta upindo wa sweta akaniuliza, "Kairitu, binti yangu, huyo mpya atakuwa na sura gani?"

Nilimwambia atakuwa na sura ya mumewe, sura gani tena. Alinitazama akatikisa kichwa, akaendelea kupima makaa.

Kamati ya diwani ilimpa baba kazi ya kuchonga, na mimi nilifanywa karani, kwa kuwa nilijua taipu na sikuwa na pa kwenda. Kikao cha kwanza tulimwita Shosho atupe picha ya marehemu. Alikaa mwisho wa benchi, vidole vyeusi vya makaa vimekunjwa mapajani, akasema picha haipo. Ilikuwapo moja, mumewe amesimama na wenzake watatu wa karakana. Usiku wa kuamkia msako zilipita habari kwamba askari wakikuta picha, wanawasaka wote waliomo.

"Nikaitia jikoni kwa mkono wangu," alisema. "Nikangoja mpaka ikaisha. Nilikuwa nawaokoa wale wengine watatu."

Mtu mmoja akasema basi Mama atueleze tu alivyokuwa. Hapo Shosho akasema jambo ambalo sikuliandika kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa sababu niliona haya kuliandika.

"Imenitoka. Mabega nayakumbuka. Sauti naisikia hata sasa. Nikiutafuta uso, naona giza. Nimezaa naye watoto watatu, na uso wake umenitoka." Akamgeukia baba. "Fundi, wajukuu huniuliza babu alifanana vipi, na mimi nawadanganya, leo hivi, kesho vile. Nataka niuone mara moja, niwaonyeshe, ndipo nife. Hayo mengine ya diwani sina haja nayo."

Baba alitoka mkutanoni ameinamisha kichwa. Wiki mbili alijaribu kwa kipande cha jakaranda, akifuata alichoambiwa na wazee, paji pana, kidevu kifupi, na kila alipomaliza alikuwa amechonga morani wa watalii. Alikitia kile kipande jikoni, tukapikia maharagwe. "Mkono wangu umejaa," aliniambia. "Huyu mmoja amekaa humu hataki kumpisha mwenzake. Bila kumwona mtu siwezi."

Ndipo nikasema. Marehemu alikuwa na ndugu, mdogo wake wa pili kwa mama mmoja, mzee wa kanisa katika mtaa wa jirani. Kila Jumapili baada ya ibada alifika kwa Shosho na mkate na paketi mbili za maziwa. Wale watoto watatu wa Shosho aliwasomesha yeye. Shamba la ukoo kule Nyeri, wakati wazuiliwa wengi walirudi wakakuta yao yamegawiwa watu wengine, aliliandikisha kwa jina lake akaliokoa, na watoto wa nduguye wakawa wanalima humo. Mtu akitaka mfano wa ndugu, mtaani kwetu alitajiwa yeye. Na Shosho mwenyewe alikuwa amesema kwamba ujanani watu waliwachanganya, wakimpa mmoja salamu za mwenzake.

"Tumkalishe ndugu yake," nilisema, na niliona nina akili sana.

Nilikwenda kumwomba mwenyewe. Alinisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Akasema, "Hapana, mama. Mimi sifai." Nikasema huo ndio unyenyekevu tuliousikia. Akasema amezeeka, amebadilika. Nikasema fundi atatoa uzee, hiyo ndiyo kazi yake. Alipokosa njia nikacheka nikamwambia, "Mzee, ni uso tu tunaazima. Tutakurudishia." Naye akacheka kidogo, kwa sababu kumkatalia zaidi mtoto wa watu kungeonekana ajabu.

Alikuja Jumamosi sita mfululizo. Alikalia debe la mafuta lililogeuzwa, mgongo umenyooka, kofia kwenye goti. Gogo lilikuwa la mti wa muhugu, bichi, zito, lililoletwa na watu ambao hawakutaka kuulizwa limetoka msitu gani. Baba alimpima kwa uzi, kutoka sikio hadi pua, kutoka pua hadi kidevu, akifunga fundo kila mahali. Vijana wa mtaa walipita wakichungulia. "Niaje, mzae! Huyo msee wa mti ataongea lini?" Baba aliwatupia vibanzi. Mzee wa kanisa hakucheka wala hakukasirika. Mara nyingi baba alilazimika kumwambia, "Nitazame, mzee," kwa maana alipenda kutazama chini.

Jicho lake la kushoto lilikuwa na kope iliyolegea, ikifunika robo ya mboni. Lilikuwa jicho la ukoo wao. Wazee walikumbuka kwamba marehemu alikuwa nalo pia, na Shosho aliposikia hivyo alikubali kwa haraka, akifurahi kupata kitu cha kukubali. Baba alilipenda mno lile jicho. "Hapa ndipo alipo," aliniambia. "Hiki kichwa kingine chote ni cha kulibebea jicho." Na nilimwona baba akibadilika. Alikuwa anarudi nyumbani akiongea peke yake, anachorachora mezani kwa kidole kilicholowa chai. Uzeeni mkono wake ulikuwa umepata mtu wa pili, na nilimwonea fahari.

Wachongaji wa kwetu huchonga macho mwisho. Na muhugu mbichi ukipata upepo wa Januari hupasuka, ukianza mara nyingi usoni. Kwa hiyo uso ukishakamilika, hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji, likafungwa shingoni kwa katani, ukakaa hivyo majuma kadhaa ukikauka polepole. Kwa kuwa macho bado hayajachongwa, fundi hukata matundu mawili kwenye gunia, akaendelea kuyashughulikia humo humo, na sehemu nyingine imelala. Nilikuwa nimeona jambo hilo tangu utotoni. Kwetu gunia ni la mbaazi, na likizeeka ni la kinyago. Zaidi ya hapo halina habari.

Jumamosi ya saba mzee wa kanisa alipofika, sanamu lilikuwa limesimamishwa katikati ya kibanda, gunia kichwani, matundu mawili. Macho yalikuwa yameanzwa tu. Hakuingia. Alisimama nje ameshika nguzo, akauliza, "Nani amewatuma?"

"Ametutuma nini, mzee?" baba akamuuliza.

Alitutazama, kwanza baba, halafu mimi. Kisha akasema tumbo linamsokota, anaomba radhi, akaondoka kwa miguu ya haraka kuliko tumbo linavyoruhusu. Kesho yake alituma mjukuu na shuka jeupe, jipya, lingali kwenye nailoni, na ujumbe kwamba si heshima kumfunika shujaa kwa gunia. Tulimsifu. Baba alisema mtu mwenye adabu huonekana hata akiwa mgonjwa. Lakini shuka halishiki maji, kwa hiyo tuliliweka kando liwe la kufunulia siku yenyewe, na gunia likabaki. Macho baba aliyamalizia kwa kukumbuka, na mwenyewe aliapa kwamba yametoka vizuri kuliko mwenye nayo angekuwa amekaa mbele yake.

Shosho hakuwa amekanyaga kibandani muda wote huo. Alisema hataki kumwona nusu nusu. Siku moja kabla ya sherehe, saa sita mchana, nilimpitia pale kwenye makaa nikamwambia, "Twende, Shosho. Macho yako tayari. Gunia tutalitoa ukiwa hapo hapo, umwone kabla ya watu wote." Alinawa mikono mara tatu. Akaingia ndani akatoka na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, aliyokuwa amempikia fundi, imefungwa kwa leso. Nilimshika mkono njia nzima. Nilikuwa nimejaa majivuno.

Baba alikuwa amesimama pembeni, amelivaa hata shati lake la Jumapili. Shosho akaingia, akainua macho.

Sufuria ilianguka. Githeri ikamwagika kwenye vibanzi. Na Shosho, mama wa miaka sabini, alichuchumaa pale chini, akaweka mikono yote miwili kichwani, vidole vimefungamana, akainamisha uso katikati ya magoti. Hakulia. Baba alidhani ni malaria, akaniita nilete maji. Mimi nilirukia sanamu nikavuta gunia, nikidhani akimwona mumewe atapata nguvu. Aliinua kichwa, akauona ule uso mzima, mzuri, uliong'arishwa kwa kiwi ya viatu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni yeye."

"Ndiye, Mama," baba akasema. "Ni marehemu."

"Si marehemu."

Tulimkalisha kwenye debe, lile lile alilokalia shemeji yake. Alikunywa maji, kisha akatueleza, na alieleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma risiti. Siku ya msako askari waliwatoa watu wote nje, wakawachuchumalisha uwanjani, mikono vichwani, wanaume na wanawake. Mbele yao aliletwa mtu amevikwa gunia mpaka magotini, na matundu mawili ya macho. Akapitishwa mbele ya safu. Akitikisa kichwa, mtu anachukuliwa. Hakusema neno, kwa kuwa sauti ingemtambulisha. Hapo nikakumbuka kwamba tuliwahi kusomeshwa habari hiyo darasa la saba, mistari miwili, nikaijibu vizuri kwenye mtihani.

"Alipofika kwetu alisimama," Shosho alisema. "Nikayaona macho. Kope ya kushoto imelala. Mume wangu amechuchumaa hapa, kando yangu, macho yake anayo mwenyewe. Na mengine kama hayo yako ndani ya gunia. Nikajiambia ni hofu, naona macho ya mume wangu kila mahali. Kikatikiswa kichwa. Wakamwinua."

"Na miaka yote hii?" nilimuuliza. "Kila Jumapili anakuja kwako, hukuyajua?"

"Uso huficha macho, kairitu. Miaka arobaini nimemtazama usoni. Hayo macho peke yake sikuwahi kuyaona tena, mpaka mmeyatia kwenye gunia." Alimgeukia baba. "Nani alikuambia ukate hivyo?"

Baba aliliokota lile gunia. "Hakuna, Mama. Ni kazi yetu tu. Ni ili mti usipasuke. Sikujua."

"Ungejuaje. Wewe hukuchuchumaa."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na husema kwa raha, kama kwamba ukikijua utakitoa. Shosho alikuwa amekijua na hakuwa na namna ya kukitoa. Nilisema tumwite diwani, tumwite mchungaji, aaibishwe kesho mbele ya watu wote. Nilikuwa napiga kelele. Shosho aliniachia nikamaliza. Akaniuliza shamba la Nyeri liko kwa jina la nani. Akaniuliza kijana wake mkubwa, siku alipooa, nani alisimama kanisani mahali pa baba yake. Akaniuliza kitinda mimba wake, ambaye ni mwalimu, anampenda nani duniani kuliko hata mama yake.

"Niwaambie nini? Kwamba baba yao aliliwa, na wao wakalishwa na aliyemla? Nikisema, nitakuwa nimewafanya mayatima mara ya pili, na kwa mkono wangu. Baba wa kwanza sikuwaulia mimi."

Baba alichukua tezo, lile shoka dogo la kuchongea. "Nautoa uso huu sasa hivi. Kesho nitasema mti ulipasuka."

Shosho alimzuia. Kila mtu mtaani alikuwa amepita akauona mti ni mzima. Na shemeji yake angejua kwa nini umepasuka. "Akijua kwamba najua, sote hatutaweza kukaa tena meza moja. Watoto wataona. Acha, fundi. Funika."

Tukafunika, kwa shuka jeupe. Kisha Shosho alichuchumaa tena, safari hii kuokota githeri, punje kwa punje, mpaka nikamshika mikono.

Sherehe ilifana, hilo siwezi kulikana. Bwana DO alichelewa saa mbili. Diwani alisema enzi ya kuwatukuza wageni imekwisha, kwamba kuanzia leo watoto wetu watajua sura ya mtu aliyewakomboa. Kwaya ya kina mama waliovaa leso za kijani iliimba mpaka jasho likawatoka. Mzee wa kanisa alikuja na suti ya kijivu, akakalishwa safu ya mbele kama ndugu wa shujaa. Macho yake hayakutoka kwenye shuka lake. Nilijua anangoja kuona kama Shosho atalivuta au atasema.

Shosho alilivuta. Shuka lilikwama sikioni, akalivuta tena, likaanguka. Watu wakashangilia, na kwa kweli kazi ilikuwa nzuri. Wazee waliomkumbuka marehemu walishika midomo. "Ni yeye kabisa," walisema. "Lile jicho!" Mzee wa kanisa alipangusa uso kwa kitambaa, akapiga makofi pamoja na wengine.

Mjukuu mmoja wa Shosho, binti wa miaka tisa aliyeletwa toka Nyeri akiwa na gauni jipya, alimshika bibi yake mkono. Nilikuwa nyuma yao na daftari langu la karani. "Shosho," aliuliza, "kumbe babu alikuwa hivi?"

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa hivyo."

Chakula kilipotolewa alimpakulia shemeji yake kwanza, nyama na wali, akampa kwa mikono miwili. Yeye akapokea kwa mikono miwili. Sijaona kitu cha kutisha zaidi ya hapo, na nimeishi mtaani ambako nimeona watu wakichomwa kwa tairi.

Maisha yakaendelea, kama yanavyopenda kufanya. Jumapili mkate na maziwa vilifika. Vijana walimpa sanamu jina, Buda Kope, yaani mzee wa kope, na wale wauza mitumba walisikitika tu kwamba huyu mpya hakunyoosha mkono wa kutundikia sweta. Baba hakurudi kwa morani wake. Alijaribu, lakini kila uso aliouchonga ulitoka na kope ya kushoto imelala, maduka ya mjini yakavikataa vinyago vyake, akaishia kuchonga vijiko na pini za nywele. Mimi nilipata kazi ya taipu kwenye kibanda kimoja Muthurwa, kuandikia watu barua za kuomba kazi. Sikumwambia mtu. Nilijaribu kukutana na Shosho kidogo iwezekanavyo, nikanunua makaa kwingine, mbali, ya bei zaidi.

Masika yalipokwisha Shosho mwenyewe alikuja kwenye kibanda cha baba, asubuhi, akanikuta nampelekea baba chai. Alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwa kimemzidi. Alikataa debe, akabaki amesimama.

"Fundi, nimekuja kukuuliza jambo la kazi," alisema. "Ulinikuta sina uso wa mume wangu. Kulikuwa giza, lakini giza lilikuwa letu wawili, nikiita humo najua ninayemwita. Sasa nikifumba macho nisali, anakuja huyu. Nikilala, huyu. Ile sauti ya mume wangu niliyokuwa nayo, sasa inatoka kwenye mdomo wa huyu. Kazi kama hii hufutwaje?"

Baba aliweka chai chini. Mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye tezo, na nilijua safari hii hakuna wa kumzuia. "Mama, sema ndiyo tu. Nakwenda sasa hivi pale ukumbini, mbele ya watu, nautoa uso wote. Wanifunge wakitaka."

Shosho alimtazama kwa huruma. Akapeleka kidole chake cheusi cha makaa kwenye paji la uso wake mwenyewe, akakigusisha hapo, katikati.

"Wa kwenye mti utautoa, fundi. Na wa hapa utaufikia na nini?"